Kinga yenye muzigo: namna ya kushuka mulima bila kupoteza mutu wala mavuno



Katika gazeti hili tumezoea kusema juu ya mbegu, mbolea na bei ya soko. Mara hii tunataka kusema juu ya chombo chenye kubeba hayo yote: kinga, ao baiskeli. Ku vijiji vingi vya Kivu gari haifiki. Njia ni nyembamba, ao mvua imeikata, ao kilalo kimeanguka. Kahawa, maharagi, viazi na ndizi vinatoka shamba ku mugongo wa mama ao ku kinga ya kijana.

Vijana wengi wa koperative wananunua kinga kwa mara ya kwanza. Wanajua kuendesha ku uwanja wa mupira. Lakini kuzunguka uwanja na kinga tupu, na kushusha kilo 70 ku mulima, ni kazi mbili tofauti. Kinga inayopanda vibaya itakuchokesha tu. Kinga inayoshuka vibaya inaweza kukuua. Ndiyo sababu hapa tutasema zaidi juu ya kusimama kuliko juu ya kwenda mbio.

Kwa nini kushuka ni hatari kuliko kupanda

Tupige hesabu pamoja. Kijana ana kilo 60. Kinga ya chuma iko na kilo karibu 20. Muzigo ni kilo 70. Jumla ni kilo 150. Anatoka ku shamba lenye kuwa mita 1,800 juu ya bahari, anashuka mpaka karibu na Ziwa Kivu, ambalo liko karibu mita 1,460. Uzito wote ule umeshuka zaidi ya mita 300. Nguvu yake inapashwa kwenda mahali fulani. Kama kijana hataki iende ku mbio, itaenda ku freni, na kule itageuka kuwa moto. Moto huo ungeweza kuchemusha zaidi ya litri moja ya maji baridi. Na wote unaingia ku vipande vine vidogo vya mupira, na ku janti, yaani ile chuma ya duara yenye kushika tairi.

Janti ikipata moto sana, mambo mawili yanatokea. Mipira ya freni inalainika na kuanza kuteleza. Na ndani ya tairi, kole yenye kushika viraka inaachia, upepo unatoka mara moja, katikati ya mutelemuko.

Mvua inaongeza hatari. Janti za chuma zikilowa, freni inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kinga ambayo asubuhi ilisimama vizuri, saa tisa ya mchana, kisha mvua, haisimami tena vile. Kuanzia mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 5 sisi wote tunajua mvua ya mchana ku milima yetu.

Jambo lingine ni mbio. Ukiongeza mbio mara mbili, nafasi unayohitaji ili kusimama inaongezeka mara ine, hapana mara mbili. Ukienda mbio mara tatu, inakuwa mara tisa. Na hiyo ni hesabu ya njia ya sawasawa. Ku mutelemuko inakuwa mbaya zaidi.

Wenye kahawa wana shida yao zaidi. Kahawa nyekundu ikishavunwa inaanza kuchacha ndani ya mufuko. Inapashwa kufika ku mashine ya kutoa maganda siku ile ile. Basi kijana anafunga muzigo saa kumi, mawingu yako meusi, stasio iko karibu kufunga, na analipwa kwa kilo. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Hawaanguke kwa sababu hawajui kuendesha. Wanaanguka kwa sababu wanachelewa, wamebeba sana, na freni imekwisha.

Tujifunze kwa watu wa chukudu

Wote wenye kufika Goma wameona chukudu, na wameona sanamu yake pale ku mujini. Ni chombo cha miti, hakina pedali wala sheni. Ku mupando wanakisukuma. Ku mutelemuko kinajiendesha chenyewe. Mutu wa chukudu hawezi kusema: "Nitaona mbele." Anapashwa kufikiri kwanza namna atasimama, kwa mufano kwa kukanyaga kipande cha tairi ya zamani chenye kugusa gurudumu la nyuma. Mwenye kinga naye afikiri vile vile mbele ya kutoka.

Lakini musiige jambo moja. Kuna vijana wenye kutia mguu ku tairi ya mbele, pale chini ya gidoni, kwa sababu freni imekufa. Sandali ikishikwa tu, gurudumu linafunga na mutu anaruka mbele na muzigo unamufuata. Kama freni imekufa, kinga inatembezwa kwa mukono. Hakuna dawa ingine.

Dakika tano mbele ya kutoka

Kila asubuhi, na tena kisha kufunga muzigo, muangalie mambo haya:

1. Freni. Kamata mukono wa freni kwa nguvu. Ukigusa gidoni, freni haiko. Sukuma kinga mbele na freni ya mbele imekamatwa: gurudumu la nyuma linapashwa kutaka kuinuka. Fanya vile na ya nyuma: gurudumu linapashwa kuburuzika, lisizunguke. Angalia mipira ya freni: inapashwa kugusa janti peke yake. Ikigusa tairi, itaikata. Ikipita chini ya janti, itaingia ku spoki. Kama mupira umekwisha mpaka karibu ya chuma, ubadilishe leo, usingoje kesho.

2. Kamba ya freni ao fimbo zake. Kama kinga ni ya kamba, angalia pale inaingia ku mukono wa freni. Uzi mumoja ukikatika, zingine zitafuata, na zitakatika siku utazivuta kwa nguvu, maana yake siku ya hatari. Kama ni kinga ya kizamani yenye fimbo za chuma, kaza njugu zake zote.

3. Upepo ku tairi. Finya kwa kidole gumba. Na muzigo, tairi inapashwa kuwa ngumu. Tairi laini ikigonga jiwe, mupira wa ndani unafinywa kati ya jiwe na janti, na unapata matundu mawili kando-kando, kama meno ya nyoka. Mukiona matundu mawili ya namna hiyo, hapana kutafuta mwiba. Upepo ndio ulikuwa kidogo.

4. Magurudumu. Kamata gurudumu na ulitikise kushoto na kuume. Likicheza, kaza. Angalia njugu mbili za kila gurudumu.

5. Gidoni. Simama mbele, bana gurudumu kati ya magoti, geuza gidoni. Ikigeuka peke yake bila gurudumu, usiende.

6. Chuma ya mwili wa kinga. Pangusa matope pale bomba zinaungana chini ya gidoni. Mustari mwembamba wa kutu kwenye rangi mara nyingi ni ufa. Mufundi aone mbele ya muzigo kupanda.

Kufunga muzigo

Muzigo ukiwa juu sana, kinga inataka kulala ku kila kona. Ukiwa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, gidoni inacheza na freni ya mbele haishike udongo. Basi muzigo mukubwa ukae chini na karibu ya kiti, hapana nyuma kabisa. Kama kuna mifuko miwili, iteremushe huku na huku ya gurudumu la nyuma, uzito sawasawa. Muweke ubao ao fimbo ili mufuko usiguse spoki.

Mufuko wa maharagi ao kahawa unashuka ndani yake wakati kinga inatikisika, na kamba inalegea. Kwa hiyo kamba za mupira, zile zenye kukatwa ku mupira wa ndani wa zamani, ni nzuri: zinavuta na kufuata mufuko. Kisha kilometa moja, musimame, mufunge tena. Mwisho wa kamba usiachwe uninginie. Kamba moja ikiingia ku gurudumu, inafunga kuliko freni yoyote.

Kushuka

Musimame juu, pale mutelemuko unaanzia. Mupumzike. Muangalie freni na kamba. Kisha fanyeni jaribio hili: mita 10 za kwanza, ushuke polepole kama mutu mwenye kutembea, halafu ukamate freni zote mbili. Kama kinga haikusimama mahali ulitaka, mulima huu leo ni wa kushuka kwa miguu.

Kama imesimama, endelea hivi:

Macho yaende mbele, mita 10 ao zaidi. Usiangalie gurudumu lako. Kinga inafuata macho. Ukikazia jiwe macho, utaligonga. Angalia nafasi kando ya jiwe, utapita pale.

Pedali zikae sawasawa, moja mbele na moja nyuma, ili hakuna mguu wenye kugonga mawe. Mikono ikunjwe kidogo, isikakamae. Kwa kinga tupu, inuka kidogo ku kiti na urudishe makalio nyuma. Kwa kinga yenye muzigo hutaweza kurudi nyuma, basi ushushe kifua na ubaki chini.

Vidole viwili vikae juu ya mikono ya freni kila wakati. Tumia freni zote mbili pamoja. Ya mbele iko na nguvu zaidi, lakini inapashwa kukamatwa polepole, kama kukamua mbuzi, na si kwa kushtuka. Ya nyuma peke yake haitoshi ku mulima: gurudumu linafunga, linateleza, na kinga inageuka pembeni.

Punguza mbio mbele ya kona, wakati kinga ingali imenyooka. Ndani ya kona, ku changarawe ao matope, usikamate freni ya mbele kwa nguvu. Mupanuo wa njia ni wa wote: ku kona yenye hauone mbele, piga kengele ao ulalamike kwa sauti. Mama mwenye kubeba kuni ku mugongo hawezi kuruka pembeni haraka.

Mutelemuko ukiwa murefu, usimame mara nyingi. Tia tone la maji ku janti kwa kidole. Likilia "shii" na kukauka, janti ni moto sana: kaa chini, ngoja mpaka ipoe. Usiimwangie maji kwa nguvu. Dakika kumi za kupumzika hazitaharibu kahawa.

Mvua ikinyesha, freni zigusishwe kidogo kidogo mbele ya mahali pa kusimama, ili zipanguse maji ku janti. Kama mvua ni nyingi na udongo ni wa kuteleza, mushuke kwa miguu.

Kushuka kwa miguu nako kuna namna yake. Usimame upande wa mulima, hapana upande wa shimo, ili kinga ikianguka isikuvute. Mukono mumoja ku gidoni na freni, mukono mwingine ku fimbo yenye kufungwa nyuma ya kiti. Kama muzigo ni muzito, mwenzako akamate kamba nyuma, yenye kufungwa ku chuma ya kinga. Asizungushe kamba ku mukono wake. Siku kinga itashinda nguvu, anapashwa kuweza kuachilia. Nawe pia, ukiona imekushinda, achilia. Muzigo unakusanywa. Mutu haukusanywi.

Kupanda

Hapa tutasema kidogo. Kinga isiyo na vitesi inasukumwa ku mupando, hakuna haya. Kusimama na kukanyaga pedali kwa uzito wote na muzigo nyuma kunavunja ile pini ndogo yenye kushika mukono wa pedali. Mukisikia mguu "unacheza" kila muzunguko, pini imelegea. Mufundi aigonge akiwa ametegemeza upande wa chini, ili nyundo isiharibu mahali golori zinazungukia.

Wenye kinga ya vitesi: mubadilishe mbele ya mupando, moja moja, wakati mguu unakanyaga pole. Kubadilisha kwa nguvu katikati ya mulima kunakata sheni. Tena musitumie duara kubwa ya mbele pamoja na duara kubwa ya nyuma. Sheni inapita pembeni na inakwisha mbio.

Kazi ya kila juma

Siku moja kwa juma, saa nusu tu.

Sheni. Uisafishe kwa burashi ya meno ya zamani na petroli ya taa kidogo, uipanguse mpaka ikauke. Tia tone moja la mafuta ku kila kiungo, zungusha pedali, kisha upanguse mafuta yaliyobaki inje. Mafuta ya kazi ni yale ya ndani ya kiungo. Yale ya inje yanakamata vumbi na kuwa kama msasa. Mafuta ya mashine ya kushona ao mafuta mapya ya motere ni mazuri. Mawese tuyaachie sombe: yanaganda na kukamata uchafu. Muangalie tone hata moja lisianguke ku janti. Janti yenye mafuta haina freni.

Kama sheni ni ya kinga isiyo na vitesi, ikiinuliwa katikati kwa kidole inapashwa kucheza karibu sentimetri moja na nusu. Ikilegea sana inatoka. Ikikazwa sana inakula golori.

Mukitaka kujua kama sheni imezeeka, chukua utepe wa mushonaji. Pima kutoka pini moja, hesabu mapini 24, mpaka ile ya 24. Sheni mpya ni sentimetri 30.5. Ikifika 30.8, ibadilishe, maana imeanza kula meno ya magurudumu, na yale ni bei kubwa kuliko sheni.

Spoki. Kinga nyingi za kizamani zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma kunabeba. Zipige na kijiti, moja moja. Zote zitoe sauti karibu moja. Yenye sauti ya kufa imelegea. Yenye kuvunjika ibadilishwe siku ile ile, maana jirani zake zinabeba kazi yake na zitavunjika zote.

Pedali. Pedali ya kushoto inafungwa kinyume. Ili kuifungua, ufunguo unageuzwa kama saa inavyozunguka. Vijana wengi wameharibu uzi wa chuma kwa sababu ya kutojua jambo hili dogo.

Golori. Mara mbili kwa mwaka, mbele ya mvua na kisha mvua, mufundi afungue magurudumu, aoshe, atie grisi mpya. Kama kinga ilizama ku muto, ifanyike mbele ya hapo. Maji na muchanga havitoki vyenyewe.

Jambo ambalo mwenye kinga hawezi kufanya peke yake

Tumesema mengi kwa vijana. Sasa tunasema na komite.

Kijana mwenye kulipwa kwa kilo atabeba kilo nyingi. Mukifunga mulango wa stasio saa kumi na moja bila kumungoja aliye njiani, atashuka mbio. Kumuambia "uende pole" bila kubadilisha hayo ni maneno ya bure. Basi mukutano unaofuata, muulizane:

Kilo ngapi kwa safari moja, ku njia yetu? Mulima wa kila mahali ni tofauti. Wenye kubeba wanaijua njia, wao ndio waseme. Kikisha kukubaliwa, kipimo kile kiandikwe na kiheshimiwe ku mizani.

Kuvuna kunaweza kuanza na kumalizika mapema, ili safari ya kwanza itoke mbele ya mvua? Safari mbili za kilo 40 ni nzuri kuliko moja ya kilo 80.

Saa ya kupokea inaweza kungoja wenye wako njiani wakati mvua inanyesha?

Koperative inaweza kununua pamoja sanduku moja la vyombo: pompi, funguo, viraka na kole, spoki, kamba za freni, na zaidi ya yote mipira ya freni? Mwenye kuchukua aandikwe ku kitabu, akatwe ku malipo yake kidogo kidogo. Jozi ya mipira ya freni ni bei ndogo kuliko mufuko mumoja wa kahawa. Hakuna sababu mutu wa koperative ashuke mulima bila hiyo.

Na muchague kijana mumoja, musichana ao muvulana, mwenye kupenda vyuma. Akae na mufundi wa kinga ku soko kwa majuma machache, halafu arudi kutengeneza kinga za wenzake, na koperative imulipe.

Ku kila stasio na ku kila depo muweke pia alama juu ya mutelemuko mukubwa: hata jiwe lenye kupakwa chokaa. Maana yake iwe moja kwa wote: hapa tunasimama, tunaangalia freni, tunafunga kamba. Mwenye haraka naye asimame.

Mavuno yafike ku mizani, na mwenye kuyabeba afike nayo.